Kuikubali Hoja na Kuwakataa Waandamanaji: Maoni ya Umma Marekani, 1970 na 1981

Katika masimulizi yaliyozoeleka kuhusu Marekani wakati wa vita vya Vietnam, mfanyakazi na mwanafunzi ni mahasimu. Ushahidi unaotajwa ni wa Mei 8, 1970, mafundi ujenzi walipowashambulia wanafunzi waliokuwa wakiandamana karibu na Wall Street, New York. Juu ya tukio hilo imejengwa nadharia kwamba umma uliwachukia waandamanaji kwa kuwa uliunga mkono vita. Nadharia hiyo haisimami.

Kwamba vita vilikuwa vimepoteza mvuto kufikia wakati huo, hakuna anayebisha. Ubishi ni nani aliyevikataa. Mtafiti John Mueller alionyesha mwaka 1973 kuwa wenye elimu ndogo ndio waliokuwa wagumu zaidi kuviunga mkono. Mtafiti mwenzake Penny Lewis alilitetea wazo hilo upya mwaka 2013. Wanaoshikilia taswira ya mfanyakazi mpenda vita humsikiliza George Meany wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la AFL-CIO, aliyeunga mkono vita, wakamsahau Walter Reuther wa chama cha wafanyakazi wa magari, ambaye Mei 7 alimpelekea Rais Nixon telegramu ya kupinga uvamizi wa Kambodia.

Ushahidi mzito uko katika chuo kikuu cha Kent, Ohio. Askari wa akiba wa jimbo walioingia chuoni hapo walikuwa wametolewa kwenye ulinzi wa mgomo wa madereva wa malori. Mei 4, 1970, walifyatua risasi kwa sekunde 13. Wanafunzi wanne wakafa na tisa wakajeruhiwa. Shirika la kura za maoni la Gallup lilipouliza nani wa kulaumiwa, asilimia 58 walisema wanafunzi na 11 tu wakawataja askari. Lakini mwezi huohuo, asilimia 56 waliiambia Gallup kuwa kupeleka majeshi Vietnam lilikuwa kosa. Hesabu hizo haziwezi kukaa pamoja bila kuwapo watu wengi waliovikataa vita na waandamanaji kwa pamoja.

Itadaiwa kuwa fujo ndizo zilizowaudhi, kwani Mei 2 jengo la mafunzo ya kijeshi chuoni lilichomwa moto. Dai hilo lina uzito, ila halitoshi. Wawili kati ya waliouawa hawakuwa wakiandamana, na mmoja wao yeye mwenyewe alikuwa katika mafunzo ya uofisa wa jeshi. Lawama haikuchagua.

Wafanyakazi nao walipimwa kwa mizani hiyohiyo. Agosti 1981 Rais Reagan aliwafukuza kazi waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma. Asilimia 59 waliafiki alivyolishughulikia suala hilo, ilhali mwaka huohuo asilimia 55 walivikubali vyama vya wafanyakazi. Chama kilikubalika, mgomo ukakataliwa.

Huenda mifano miwili haitoshi kuunda kanuni. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kuwa raia hutenganisha dai na kitendo cha kulidai, na kwamba mwanafunzi na mfanyakazi wanakutana katika hukumu hiyo kuliko wanavyotengana. Basi mtawala anayesoma chuki dhidi ya waandamanaji kama kibali cha sera yake anajidanganya, na mtafiti anayeuliza kuhusu maandamano bila kuuliza kuhusu kilichoandamaniwa hajapima maoni ya umma hata kidogo.