Jiwe la Stesheni ya Sita

WIKI mbili zilizopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya makala ya sayansi. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: “Kimondo hicho hulizunguka jua kila baada ya mwaka mmoja na nusu.” Nikamuuliza, kimondo kinazungukaje jua? Akanijibu kwamba hakupata neno jingine. Hoja yake ina uzito, na jibu bora ninalolijua limo katika historia ya jiwe moja lililoanguka kwa jirani zetu wa Sudan mwaka wa 2008.

Jumatatu, Oktoba 6, 2008, saa tatu na dakika 39 asubuhi kwa saa za Nairobi, Richard Kowalski aliona nukta ikisogea katika picha za darubini huko Arizona, Marekani. Kwao bado ulikuwa usiku wa Jumapili. Nukta hiyo ikapewa jina 2008 TC3. Jina hilo ni kavu, lakini anayejua kuchanganua kitenzi cha Kiswahili hatapata taabu nalo, kwani kila kiungo kina kazi yake. 2008 ni mwaka. T ni nusu ya kwanza ya Oktoba. C3 ni hesabu: alfabeti ya wanaastronomia hapa ina herufi 25 (I imeachwa), nayo imekwisha kupitiwa mara tatu, kisha ikafika C, herufi ya tatu. Kwa hivyo hicho kilikuwa kitu cha 78 kuorodheshwa katika nusu ile ya mwezi.

Hebu sasa tuutazame mzingo wake, yaani njia yake ya kulizunguka jua. Haukuwa duara bali umbo la yai. Upande mmoja kitu hicho kilifika takriban kilomita milioni 135 kutoka kwenye jua, karibu kuliko dunia yetu iliyo kwenye milioni 150. Upande wa pili kilikwenda hadi karibu milioni 257, kupita hata umbali wa wastani wa Mirihi. Dunia ilipozunguka mara tatu, chenyewe kilizunguka mara mbili. Kukata njia ya dunia si kugongana nayo, kama vile magari mengi yanavyopita njiapanda moja kutwa nzima bila ajali. Lazima wote wawili wafike pale kwa wakati mmoja. Safari hii walifika.

Kilikuwa na upana wa mita nne hivi, kifupi kidogo kuliko matatu ya abiria 14, na uzito wa takriban tani 80. Wanahisabati wa California walipiga hesabu wakasema kitaangukia jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan, alfajiri ya Jumanne. Ikawa hivyo. Saa kumi na moja na dakika 46, baada ya saa 20 tu tangu kionekane, kiliingia kwenye hewa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 12 kwa sekunde, kikapasuka kilomita 37 juu ya mchanga. Rubani wa KLM aliyekuwa umbali wa kilomita 1,400 hivi aliuona mmweko. Haikuwahi kutokea kabla ya siku hiyo kitu kionekane kingali angani, kitabiriwe, kisha kianguke palepale.

Wengi walidhani kimeteketea chote. Dkt Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum hakuridhika. Yeye na Peter Jenniskens, mtafiti wa Marekani mwenye asili ya Uholanzi, waliwahoji walioshuhudia ule moto, na Desemba wakawapeleka wanafunzi na wafanyakazi wa chuo jangwani. Walijipanga mstari mrefu, wakatembea macho yakiwa chini. Baada ya misafara kadhaa walikuwa wameokota vipande karibu 600, vyenye uzito wa zaidi ya kilo 10, ndani yake mkiwa na chembe za almasi. Nawasifu wale wanafunzi. Darubini zilifanya kazi ya saa 20, lakini jiwe lilipatikana kwa miguu.

Likaitwaje? Desturi ni kwamba jiwe hubeba jina la mahali lilipoangukia, lakini pale hapakuwa na kijiji. Palikuwa na reli tu, iliyojengwa na jeshi la Kitchener mwaka wa 1897 kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamed, wakati uleule reli yetu ilipokuwa ikipanda kutoka Mombasa. Vituo vya jangwani vilipewa nambari. Cha karibu kilikuwa cha sita, na jiwe likaitwa Almahata Sitta. Mahata ni kituo kwa Kiarabu; sitta ndiyo sita yetu, tuliyoiazima pamoja na saba na tisa. Nairobi ilibahatika, maana ilipofikiwa na reli mwaka wa 1899 tayari ilikuwa na jina la Kimaasai la maji baridi. (Hapa Hurlingham tulipachikwa jina kutoka London, na taa za mtaa hazituachii nyota za kutosha kulalamikia.)

Rudini sasa kwa mwanafunzi wangu. Kitu kimoja kilikuwa na hali tatu. Kikilizunguka jua, kilikuwa asteroidi, au kijisayari kwa wasiopenda mkopo. Kikiwaka hewani kwa sekunde chache, hicho ndicho kimondo, na ndivyo wazee wa pwani walivyolitumia neno hilo, wakisema malaika anamtupia shetani kijinga cha moto. Kilichookotwa mchangani ni jiwe la kimondo. Najua watu wataniambia kuhusu Kimondo cha Mbozi kule Tanzania, pande la chuma la tani 16 hivi lililotulia ardhini. Jina hilo limezoeleka, na sina haja ya kulibomoa. Lakini mazoea ya Mbozi yasitunyime neno la kitu ambacho hakijafika.

Maana vinafika. Agosti 14, 1992 mawe yalinyesha Mbale, Uganda, na kipande kidogo kikampiga mvulana kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Julai 16, 2011 yakaanguka karibu na Thika. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ilipodondoka Mukuku, Makueni, Shirika la Anga za Juu la Kenya lililazimika kueleza kwamba ni kipande cha roketi. Siku mtangazaji wa redio atakapopewa saa 20, akisema “kimondo”, msikilizaji ataelewa kinakuja, kinapita au kimekwisha kuanguka?

Botswana walipata saa chache zaidi ya hapo. Juni 2, 2018 asteroidi 2018 LA, iliyogunduliwa na Kowalski huyohuyo, iliangukia Kalahari saa nane hivi baada ya kuonekana. Watafiti wakaokota vipande mbugani. Mawe hayo yakaitwa Motopi Pan, kwa jina la bwawa la karibu wanyama wanakonywa maji.