Taa za Dagaa: Historia ya Uvuvi wa Usiku katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria

Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika ni kazi ya usiku, tena usiku wa giza, na sababu yake iko katika tabia ya samaki wenyewe. Dagaa wa ziwa hilo ni wa aina mbili, ambazo wanasayansi huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na zote mbili ni za ukoo mmoja na sadini wa baharini. Mchana hukaa kwenye kina kirefu, na jua linapozama hupanda kuelekea juu wakifuata planktoni, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, ambavyo navyo hupanda na kushuka kila siku. Taa ikiwashwa juu ya maji huvikusanya viumbe hivyo, dagaa wakaja kula na kujipanga kundi, na nyuma yao wakafuata migebuka, ambao huwala dagaa hao. Mwezi unapokuwa mpevu nuru yake huenea ziwa zima, mvuto wa taa ukapotea, na kwa hiyo siku za mbalamwezi zimekuwa tangu zamani siku za kushona nyavu na kupumzika. Taa zimebadilika mara nyingi, lakini kalenda hiyo ya mwezi haijabadilika. Kilichobadilika kwa kila taa mpya ni gharama ya kuwasha, na pamoja nayo swali la nani anaimiliki kazi.

Kabla ya mafuta ya taa kufika, mwanga ulitokana na kuni na mienge iliyowashwa kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya mtumbwi. Mvuvi mmoja alitunza moto, mwingine alipiga kasia polepole, na wa tatu alisimama na lusenga, wavu wa mfuko uliofungwa kwenye mpini mrefu, ambao ulizamishwa chini ya kundi na kuinuliwa kwa ghafla. Ulikuwa uvuvi wa karibu na ufuko, wa usiku usio na upepo, na shehena ya kuni ilichukua nafasi ambayo ingebeba samaki. Hata hivyo haikuwa kazi ya kitoweo cha nyumbani pekee. Dagaa aliyeanikwa mchangani hukauka kwa siku chache, ni mwepesi, na hukaa muda mrefu bila kuoza, sifa ambazo ni nadra kwa samaki wa nchi za joto. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, mji huo ulikwisha kuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, na bidhaa ya namna hiyo ilifaa sana mahali penye wapagazi wengi wa kulishwa. Kwa upande wa mali, jambo la kuzingatia ni kwamba kuni zilikatwa na wavuvi wenyewe, na kwa hiyo mwenye mtumbwi hakuwa na deni kwa mtu yeyote kabla ya kuingia ziwani.

Karabai ndiyo iliyobadili hali hiyo. Taa hii huchoma mafuta ya taa yanayosukumwa na hewa iliyobanwa katika tangi na kugeuzwa mvuke kwa joto la taa yenyewe, na mwali wake hupasha joto kifuko cha kitambaa kilicholowekwa chumvi za madini hadi king'ae kwa weupe mkali. Kifuko hicho kilibuniwa na mkemia Carl Auer von Welsbach wa Austria katika miaka ya 1880, na taa ya mgandamizo ya aina ya Petromax, ambayo jina lake lilienea sana, ilitoka katika kiwanda cha Max Graetz mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Nuru yake iliushinda mwenge kwa mbali sana, lakini ziwani ilikuwa chombo chenye kudeka. Kifuko kikishaungua mara ya kwanza hubaki kama jivu lililoshikana, na pigo moja la wimbi kwenye ubavu wa mtumbwi laweza kukimomonyoa. Kioo chenye moto kikirushiwa matone ya mvua hupasuka. Na shinikizo la tangi hushuka, hivyo mtu hulazimika kupiga pampu tena na tena hadi alfajiri. Usiku mmoja wa upepo uliweza kumaliza vifuko na vioo vya wiki nzima, na vyote hivyo vilinunuliwa dukani.

Hapo ndipo taa ilipoingia katika hesabu. Katika uvuvi wa dagaa mapato hugawanywa kwa mafungu, na desturi iliyoenea ni kuondoa kwanza gharama za usiku, kisha kinachobaki kugawanywa kati ya mwenye vyombo na wavuvi wake. Mafuta ya taa yalikuwa sehemu kubwa ya gharama hizo, na yalilipwa hata usiku ambao wavu ulipanda mtupu. Aliyeweza kukopesha mafuta, awe tajiri wa mtumbwi au mwenye duka la mwaloni, yaani kwenye kituo cha kupokelea samaki, alipata sauti pia juu ya bei ya dagaa. Ukubwa wa vyombo uliongeza nguvu hiyo. Katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walioweka makazi Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, walianzisha uvuvi wa meli ndogo zenye nyavu za kuzungushia kundi la samaki na kulifungia chini, zikisaidiwa na mitumbwi ya taa. Muongo huohuo ulienea uvuvi wa mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, ambayo Kigoma huitwa vipe, ikiwa na taa kadhaa na wavu mpana unaoshushwa chini ya mwanga na kuinuliwa kwa kamba. Lusenga lilihitaji nguvu za mikono na macho makali, lakini kipe kilihitaji mtaji.

Ziwa Viktoria liliingia katika biashara hii baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1960, kwa samaki asiye wa ukoo wa dagaa wa Tanganyika hata kidogo, Rastrineobola argentea, anayeitwa dagaa Tanzania, omena Kenya na mukene Uganda. Huko taa hazikukaa kwenye mtumbwi, bali ziliwekwa juu ya vyelezo vidogo vya mbao vilivyofungwa kwa kamba kwa mstari mmoja, vikaachwa vielee huku wavuvi wakisubiri, kisha wavu ukazungushwa kwenye taa moja baada ya nyingine.

Wazo la kuizamisha taa yenyewe lilihitaji umeme, na katika ukanda huu umeme huo ulitumika kwa dagaa aliyehamishwa. Mwaka 1967 na 1968 Limnothrissa wa Tanganyika walipandikizwa katika bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na uvuvi wa kapenta, kama dagaa hao wanavyoitwa huko, ulitumia majukwaa yanayoelea yenye jenereta, na taa za umeme juu ya maji na hata ndani yake. Faida ya kuzamisha ni dhahiri kwa mwenye kujua mwenendo wa nuru, kwa kuwa sehemu ya mwanga wa taa iliyo juu hurudishwa na uso wa maji, hasa maji yanapochafuka, na sehemu nyingine hupotea angani. Lakini jenereta ni mashine ya kampuni, wala si ya mtumbwi wa mti.

Taa ya LED, ambayo ni kipande kidogo cha nusu-kipitishi kinachotoa nuru umeme unapopita, ndiyo iliyoshusha umeme hadi kwenye mtumbwi. Ile nyekundu ilionyeshwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962, lakini mwanga mweupe ulingoja LED ya buluu yenye nguvu, iliyopatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua huko Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kituo cha umeme wa jua ambako wavuvi walikodi taa zilizochajiwa badala ya kununua mafuta. Bei ya paneli za sola iliposhuka, mafundi wa mialoni walianza kuunda taa zao wenyewe kwa betri za pikipiki na za gari.

LED ya betri yaweza pia kuzamishwa, na uteuzi wa taa ya namna hiyo hutegemea maji kuliko duka. Maji hufyonza rangi nyekundu katika mita chache za kwanza, na katika Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni maangavu, rangi ya buluu hufika mbali zaidi. Katika Ziwa Viktoria, lenye mwani mwingi, buluu hufyonzwa mapema na kijani hupenya vizuri zaidi. Alama ya IP68 huonyesha kuwa taa imekusudiwa kukaa majini kwa kina alichotaja mtengenezaji, ilhali IP67 ni ya kuzama kwa muda mfupi tu, si zaidi ya mita moja. Taa ya kuzamisha hupozwa na maji yanayoizunguka, kwa hiyo kuijaribu nchi kavu kwa muda mrefu ni kuiunguza. Waya mwembamba na mrefu hupunguza volti 12 za betri kabla hazijafika chini, fyuzi huwekwa karibu na betri, na uzito wa taa hubebwa na kamba, si na waya. Boti kubwa hufungiwa taa kwenye bodi, chini ya mstari wa maji, ambako metali mbili tofauti zikigusana, moja hulika haraka, hasa baharini. Kwa mtumbwi wa mbao taa ya kuning'inizwa inatosha, wala hakuna haja ya kutoboa ubao.

Katika hesabu ya mafungu, LED ilihamisha gharama kutoka usiku hadi mwanzo wa msimu. Gharama ya kila usiku imepungua, lakini betri na paneli hununuliwa kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo tajiri huliweza kuliko kundi la wavuvi, na mabishano ya mgawo sasa yanahusu iwapo taa ikatwe kama mafuta yalivyokatwa. Ongezeko la mwanga pia limekuja wakati ambapo ziwa lenyewe limepungukiwa. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ongezeko la joto limedhoofisha mchanganyiko wa maji unaopandisha rutuba kutoka chini katika Ziwa Tanganyika, na kwamba upungufu huo wa uzalishaji waweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilitia saini makubaliano ya usimamizi wa uvuvi mwaka 2021, na Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Usimamizi wa zamani ulizoea kupima tundu la wavu, ambalo ofisa hulipima kwa rula akiwa amesimama mwaloni. Taa iliyozamishwa hupimwa ikiwa kazini, usiku, mbali na ufuko, na kazi hiyo inataka boti ya doria, mafuta yake na watu wa kukesha.