Ababari: Wapasuaji wa Vichwa wa Kisii na Ushahidi wa Mfupa

Kurasa za historia katika magazeti yetu ya Ramadhan mara nyingi hutupeleka Baghdad na Cordoba, na hakuna ubaya. Lakini safari hii nakuomba ubaki hapa hapa, kwenye vilima vya Kisii na Nyamira, manake kuna jambo lilifanyika huku ambalo madaktari wa Ulaya na Marekani walifunga safari kuja kuliona, na sisi wenyeji wengi wetu hatulijui. Tukilijua, tunalionea haya.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla ya hospitali, na hata muda mrefu baada ya hospitali kujengwa, Abagusii walikuwa na wapasuaji wao. Kwa Ekegusii mtu huyu anaitwa omobari, na wakiwa wengi ni ababari. Aliyefanya kazi ya kichwa alikuwa omobari omotwe, yaani mpasuaji wa kichwa. Kazi yake haikuwa kuchanja chale. Alikuwa akifungua ngozi ya kichwa, akaufikia mfupa wa fuvu, akaukwangua mpaka ukatoboka, na mgonjwa yu macho.

Najua umeshtuka. Hata mimi niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni porojo za wazungu. Lakini yameandikwa na watu walioona kwa macho yao. Mwaka 1958 J. G. Grounds aliandika juu ya upasuaji huu wa Kisii katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaandika Coxon. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada ambaye miaka ya 1950 alikuwa mkuu wa Hospitali ya Mathari kule Nairobi, alikusanya habari nyingi zaidi, akazichapisha mwaka 1967. Mwaka 1983 Mjerumani Rolf Meschig aliandika tasnifu yake huko Düsseldorf juu ya mambo haya haya, na mwaka 1985 David Furnas, daktari wa upasuaji kutoka Marekani, akachapisha makala pamoja na wenzake. Kwa hiyo hatuzungumzii enzi za mawe. Babu yako angeweza kuwa mmoja wa wale walioshika miguu ya mgonjwa.

Hebu tuone kazi ilivyokwenda. Mgonjwa alishikwa na watu wenye nguvu, kwa kuwa hakukuwa na dawa ya usingizi. Omobari alichana ngozi ya kichwa kwa kisu kikali. Kichwa kinatoka damu nyingi kuliko unavyodhani, hivyo wasaidizi walibana kingo za jeraha kwa vidole, na dawa za miti zikatumika kuzuia damu. Baada ya hapo aliutazama mfupa kutafuta ufa. Akiuona, alianza kukwangua taratibu kwa chuma chenye ncha iliyopinda, akaondoa mfupa kidogo kidogo mpaka afike karibu na utando mgumu unaofunika ubongo. Hapo ndipo palipokuwa na ustadi wenyewe: utando ule usiguswe. Ukichanika, njia ya uchafu kuingia kwenye ubongo imefunguka, na mgonjwa huyo hesabu yake imekwisha. Mwisho jeraha lilipakwa mafuta na dawa, likafunikwa. Ujuzi huu mara nyingi ulirithiwa, baba akimfundisha mwanawe kwa kumweka karibu miaka mingi.

Sasa kwa nini walifanya hivyo? Wasomi wengi wa Ulaya walipoona mafuvu yenye matundu, popote duniani, walikimbilia kusema ni ushirikina, watu walitoboa ili pepo atoke. Huku Kisii walioulizwa walijibu kitu kingine kabisa. Mtu amepigwa rungu, au ameanguka, na miezi au miaka imepita lakini kichwa bado kinamuuma hawezi kulala. Basi anakwenda kwa omobari. Sababu kubwa ilikuwa maumivu ya kichwa baada ya kuumia. Mimi naona jibu hili peke yake linatosha kutufanya tuwape heshima: walikuwa na ugonjwa wanaoujua, chanzo wanachokifikiria, na mahali maalumu pa kutafuta. Kama tiba yenyewe ilifaa kila mara, hilo ni swali jingine, na nitalirudia.

Kwanza tuuzungumzie mfupa, maana ndio shahidi wetu. Ukivunjika mkono, damu huganda pale palipovunjika, kisha mwili hujenga daraja laini, halafu daraja gumu, na baada ya miezi mfupa hujichonga upya mpaka ukaribie umbo lake la zamani. Fuvu haliko hivyo. Mifupa ya juu ya kichwa haijengi daraja nene kama la mkono au mguu. Mtoto mdogo anaweza kuziba tundu kwa sababu utando wa chini yake bado una nguvu ya kuzalisha mfupa, lakini mtu mzima akiondolewa kipande kikubwa, tundu hubaki maisha yake yote. Kinachobadilika ni kingo. Mara baada ya upasuaji zinakuwa kali na zenye alama za chuma. Mgonjwa akiishi, chembechembe za mwili hula mfupa uliokufa, nyingine zinajenga mpya, na vijishimo vya ndani ya mfupa vinazibika. Baada ya miezi kingo zinakuwa laini, za mviringo, kama mdomo wa kibuyu. Mfu hawezi kulainisha mfupa wake. Ukikuta fuvu lenye kingo laini, jua mwenyewe aliamka, akala, akaendelea na maisha.

Kwa ushahidi huu huu dunia nzima ilibadilishwa mawazo. Mmarekani Squier alipata fuvu huko Cuzco, Peru, lenye tundu la pembe nne, na wataalamu wa New York walitilia shaka kama mwenye fuvu alitobolewa akiwa hai. Mwaka 1867 Paul Broca wa Paris aliutazama mfupa akasema zipo dalili kwamba mtu aliishi siku kadhaa baadaye. Huko Ensisheim, Ufaransa, fuvu la mzee wa miaka kama 50, lililokaa ardhini takriban miaka 7,000, lina matundu mawili: dogo limeziba kabisa, kubwa limeziba kiasi. Na mwaka 2018 watafiti walioyachunguza mafuvu ya Peru walionyesha kuwa katika zama za Wainka waliokufa baada ya upasuaji huu walikuwa kati ya asilimia 17 na 25, ambapo askari waliopasuliwa fuvu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, miaka ya 1861 hadi 1865, walikufa kati ya asilimia 46 na 56. Soma tena namba hizo. Hospitali za wakati ule, zenye vidonda vya kila aina chini ya paa moja na mikono isiyooshwa, ziliua watu kuliko mtaalamu wa kijijini aliyefanya kazi peupe.

Kisii hatukuhitaji kusubiri mafuvu, kwa sababu wenye vichwa hivyo walikuwa wakitembea. Margetts alimpiga picha ya eksirei mzee mmoja aliyepasuliwa mara kadhaa, na sehemu kubwa ya paa la fuvu lake haikuwepo. Alikuwa hai, anaongea.

Cordoba niliyosema tuiache, nairudia kidogo tu, kwani sisi tuliopita madrasa tulisikia jina la Az-Zahrawi. Katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake At-Tasrif, yenye michoro ya vyombo kama 200, alieleza kuvunjika kwa fuvu na akataja keekee maalumu yenye ukingo unaoizuia isizame ikafika kwenye utando wa ubongo. Hofu ya bingwa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013 ndiyo ile ile ya omobari wa Gusii. Hawakusomana. Walifundishwa na utando ule ule. Tofauti ni moja, na ni kubwa: Az-Zahrawi aliandika. Kitabu chake kikatafsiriwa Kilatini karne ya 12, kikafundishwa Ulaya miaka mingi. Ababari hawakuandika, na walioandika habari zao ni wageni, kwa Kiingereza na Kijerumani.

Sasa lile swali nililoliacha. Usinielewe vibaya, ndugu msomaji, sisemi turudi huko. Ababari hawakuweka daftari la waliokufa. Watafiti walikutana na waliopona, maana aliyekufa haji kuhojiwa. Na maumivu ya kichwa ya muda mrefu si lazima yatokane na ufa. Kumtoboa mtu wa namna hiyo ni kumuumiza bure. Leo ndugu yako akianguka kwenye bodaboda pale Keroka, akatapika au akasinzia ovyo, usingoje asubuhi, hata kama ni usiku wa daku. Mpeleke hospitali mara moja apigwe picha ya kichwa. Damu ikivuja ndani ya fuvu, saa chache ndizo zinazoamua.

Upasuaji wa ubongo wa hospitali ulichelewa kukita mizizi kwetu. Mtaliano Renato Ruberti alikuwa miongoni mwa walioujenga Nairobi kuanzia miaka ya 1960, na Mkenya wa kwanza katika fani hiyo, Gerishom Sande, aliyesomea Belfast, alianza kazi nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hesabu hiyo, Mkisii wa mwaka 1955 mwenye fuvu lililopasuka alikuwa na mtaalamu wa kichwa hatua chache kutoka shambani kwake, wakati nchi nzima haikuwa na Mkenya mmoja mwenye cheti cha kazi hiyo.

Walioshuhudia sasa ni wazee sana. Wengi wetu tuna mababu na nyanya huko Nyamira, Ogembo, Tabaka, wawe Waislamu au la. Ukienda kuwasalimia Idd hii beba daftari. Uliza ni mti gani uliotumika kuzuia damu, na jina lake kwa Ekegusii. Uliza omobari alilipwa nini, na kama mgonjwa akifa ilikuwaje. Uliza chuma kilifuliwa na nani, na sasa kiko wapi.