Panga lisilobutuka wala kuvunjika: Mipaka ya chuma bora

MKULIMA wa Kola, katika vilima vilivyo kusini mwa mji wa Machakos, hutarajia panga moja limfanyie kazi nyingi: kufyeka vichaka, kukata mkonge, kupasua kuni na hata kung'oa mizizi katika udongo wenye mawe. Kwa hivyo hutamani panga lisilobutuka, lisilovunjika, lisiloshika kutu na linalonoleka kwa urahisi. Chuma chenye sifa zote hizo kwa pamoja hakijapata kuwako.

Sababu imo katika umbile la pua, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni isiyozidi asilimia 2 hivi. Pua ikipashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 800 za Selsiasi na kuzamishwa ghafla katika maji au mafuta, kaboni hunaswa ndani yake na kuzuia chembe za chuma zisiteleze. Huo ndio ugumu wa makali. Lakini chuma ambacho chembe zake haziwezi kuteleza hakipindi. Kikigonga jiwe, hupasuka. Ndiposa mhunzi hukirudisha kwenye moto hafifu, wa nyuzi 200 au zaidi, ili kilegee kidogo. Anachoongeza katika ustahimilivu hukipunguza katika ugumu.

Ujuzi wa pua si mgeni Afrika Mashariki. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka wa 1978, ulionyesha kuwa Wahaya wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania waliyeyusha pua yenye kaboni ya wastani zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Siku hizi wahunzi wa Jua Kali nchini Kenya hufua visu na mapanga kutokana na springi kuukuu za magari, ambazo aghalabu zina kaboni ya asilimia 0.6 hivi. Kiasi hicho kinafaa panga na shoka. Hatari ni kwamba springi iliyobeba mizigo kwa miaka mingi huweza kuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho.

Kutu nayo ina gharama yake. Mwaka wa 1913, Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza pua isiyoshika kutu kwa kuongeza kromiamu, ambayo sharti ifikie angalau asilimia 10.5. Hata hivyo, kromiamu hushikamana na kaboni na kufanya punje ngumu. Punje hizo zikiwa kubwa, hung'oka na kuacha makali yenye mapengo. Zikiwa nyingi, kinoo cha kawaida hakifui dafu. Pua inayotengenezwa kwa unga wa chuma, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1970, ina punje ndogo zaidi. Imesogeza mpaka huo mbele bila kuuondoa, na bei yake ni ya juu.

Kwa hiyo panga linalobutuka upesi si lazima liwe bandia. Watengenezaji huliacha makusudi likiwa laini kuliko kisu cha jikoni, ili tupa iweze kulinoa shambani na lisikatike likigonga mwamba. Kisu chembamba na kigumu hukata nyama vizuri, lakini kikitumiwa kupasulia kuni, kipande chake huweza kuruka na kumjeruhi mtu jichoni. Panga lililobonyea hunyooshwa kwa tupa, lililopasuka haliponi.