Mswaki na Dawa ya Meno Kandokando ya Ziwa

Neno mswaki asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kijiti: mzizi au tawi dogo la mti uitwao vivyo hivyo mswaki, lichunwalo gome na kutafunwa ncha hata nyuzi zake zitawanyike. Brashi ya kigeni ilipoletwa haikupewa jina jipya, ilirithi jina la kijiti. Lakini kile kipakwacho juu yake kiliitwa dawa ya meno. Majina haya mawili yatufaa kuyachungua, kwa kuwa la kwanza lilikuwa kweli tangu mwanzo, na la pili lilikuja kuwa kweli baadaye sana.

Hapo kale watu wa Mwanza na nchi za Ziwa Victoria, kama wengi wa Afrika ya Mashariki, walisugua meno kwa vijiti, kwa mkaa uliosagwa na kwa chumvi. Chumvi haikupatikana bure. Misafara ya Wasukuma ilikwenda kuitafuta hata Ziwa Eyasi. Tena kijiti si kitu cha kudharauliwa. Mti wa mswaki una chembe ngumu zing'arishazo jino, na utomvu mkali uzuiao vijidudu, na tangu miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani limeusifu kwa wale walioizoea desturi hiyo.

Bidhaa za madukani zilifika Mwanza kwa meli kutoka Kisumu, mahali reli ilipofikia mwaka 1901. Na mwaka 1928 reli ya Tabora ikafika Mwanza kwenyewe. Brashi za zamani zilikuwa za nywele za nguruwe, ambazo Mwislamu mshika dini asingezitia kinywani. Zile za nailoni zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Nayo dawa, ambayo Colgate waliiuza katika vikopo tangu 1873 na katika mirija tangu 1896, ilikuwa hasa unga wa chokaa, sabuni, glisirini, maji na mafuta ya nanaa. Ilisafisha na kunukia vizuri, wala haikuponya kitu.

Uponyaji ulitoka mahali pasipotazamiwa. Huko Colorado, Marekani, meno ya watoto yalikuwa na madoa ya kahawia, na mwaka 1931 mkemia Churchill aligundua kwamba sababu ni floridi iliyomo katika maji ya kunywa. Ikaonekana pia kwamba floridi hiyohiyo, ikiwa kidogo, hulikaza jino lisioze. Katika miaka ya 1950 ikatiwa katika dawa ya Crest; leo kwa kawaida huwa gramu 1 hadi 1.5 katika kilo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiandika dawa ya namna hii katika orodha ya dawa za lazima. Ndipo jina lilipostahili.

Jambo hili lawahusu sana walimu wetu. Visima vingi vya Shinyanga na Arusha vina floridi nyingi, na magadi yatumiwayo kulainisha maharagwe na mahindi makavu huwa nayo pia. Madoa huingia katika jino lingali likiumbwa ndani ya ufizi. Hapana mswaki uwezao kuyaondoa, na mkaa hulila jino bure. Basi mwalimu akaguaye meno asubuhi, akimwona mtoto mwenye meno ya kahawia, asimwite mchafu mbele ya wenzake, wala asimrudi. Pengine mtoto huyo ndiye asuguaye kwa bidii kuliko wote, kwa aibu. Afadhali awaulize wazazi habari za kisima na magadi, na awaonye kwamba mtoto mdogo apewe dawa kiasi cha punje ya mbaazi tu, naye aiteme. Waliotuachia neno dawa walijua kwamba kila dawa ina kipimo chake.