Bastola ya mfukoni na ribolva ya marehemu: Mambo ya kujua kabla hujaigusa

Tuseme arobaini imeisha, ndugu wamekaa kugawana vitu vya mzee. Ndani ya sanduku la chuma, chini ya hati ya kiwanja, kuna kitu kizito kimefungwa kwa kitambaa. Ni bastola. Mmoja anasema itunzwe, ni kumbukumbu ya baba. Mwingine anataka itupwe chooni usiku huohuo.

Wote wawili wanaweza kuiingiza familia matatani. Haya ndiyo ya kujua kuhusu silaha hizi ndogo, na cha kufanya ukiikuta nyumbani.

Ribolva ni ipi, bastola ya magazini ni ipi?

Ribolva ina silinda inayozunguka, yenye vyumba vya risasi, mara nyingi vitano au sita. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya aina yake mwaka 1836 na ndiye aliyeifanya iwe maarufu.

Bastola ya magazini hubeba risasi kwenye kibweta kinachoingia ndani ya mpini. Ukifyatua, yenyewe inatoa ganda na kuingiza risasi nyingine.

Tofauti hii siyo ya kitaalamu tu. Ndiyo inayoamua ajali ya nyumbani inatokeaje, kama utakavyoona hapo chini.

Za mfukoni zilianzia wapi?

Jina linalotajwa sana ni la Henry Deringer, fundi wa Philadelphia. Bastola zake zilikuwa fupi, za risasi moja, zinaenea kiganjani. Moja kati ya hizo ndiyo John Wilkes Booth aliyotumia kumpiga Rais Abraham Lincoln ndani ya ukumbi wa Ford's Theatre, Aprili 14, 1865. Leo ipo kwenye makumbusho ya ukumbi huohuo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, John Browning alibuni bastola ya mfuko wa kizibao iliyotengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji. Inatumia risasi za milimita 6.35, uzito wake haufiki gramu 400. Mwaka 1931 Wajerumani wakaleta Walther PPK, na mwaka 1950 Smith & Wesson wakatoa ribolva fupi ya risasi tano, Chiefs Special.

Usidanganywe na udogo. Juni 28, 1914 mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alitumia bastola ndogo ya FN kumuua mrithi wa ufalme wa Austria na mkewe. Wiki chache baadaye Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza.

Ribolva za wazee

Ribolva nyingi za urithi duniani zina historia ya vita. Kwa Waingereza, maarufu ni Webley, iliyoingia jeshini mwaka 1887. Toleo la Mk VI la mwaka 1915 lina uzito wa kama kilo moja na hukunjuka katikati ili kutoa maganda. Maofisa waliorudi nazo nyumbani walizifungia kabatini, na watoto au wajukuu wakazikuta.

Uingereza ilibana sana baada ya mauaji ya shule ya Dunblane, Machi 1996, ambapo wanafunzi 16 na mwalimu wao walipigwa risasi. Sheria za mwaka 1997 zilipiga marufuku karibu bastola zote za raia katika England, Wales na Scotland. Mpaka leo, mtu akikuta Webley ya babu darini anatakiwa kuwaita polisi.

Kwa nini usiiguse

Sababu ziko tatu:

1. *Ribolva ya zamani inaweza kulia ikidondoka.* Miundo mingi ya kale haina kizuizi kati ya nyundo na risasi. Ndiyo maana wenye Colt ya mwaka 1873 walizoea kuweka risasi tano na kuacha chumba kimoja kitupu chini ya nyundo.

2. *Kutoa magazini hakumaanishi bastola ni tupu.* Risasi moja inaweza kubaki ndani ya mtutu. Watu wengi wamejipiga, au kumpiga ndugu, wakiamini haina kitu.

3. *Risasi haifi kwa uzee.* Iliyokaa sanduku moja kwa miongo mingi bado inaweza kulipuka.

Kwa hiyo usiifungue, usiijaribu na usipige nayo selfie. Toa watoto chumbani, funga mlango, ufunguo akae nao mtu mzima mmoja.

Sheria inasemaje kwetu?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Nyumba na shamba hurithiwa, lakini leseni ya silaha ni ya mtu mwenyewe. Mzee akifariki, haihamii kwa mtoto wala mjane.

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Desemba 2018 serikali ya Kenya iliagiza wenye leseni wote wahakikiwe upya. Pande zote mbili, kukaa na silaha bila kibali ni kosa la jinai, hata kama ni ya marehemu baba yako.

Ufanye nini?

- Piga simu au nenda kituo cha polisi *bila* silaha. Eleza ulichokikuta na kilipo. Ukiibeba kwenye begi ukakaguliwa njiani, maelezo yako yatakuwa magumu kuaminika.
- Mshirikishe msimamizi wa mirathi na kiongozi wa mtaa, uwe na shahidi.
- Tafuta leseni ya marehemu kwenye nyaraka zake. Inaonyesha silaha ilikuwa halali.
- Ikichukuliwa, dai hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha na idadi ya risasi. Itunze pamoja na karatasi za mirathi.
- Kama kuna mrithi anayeitaka, aombe kibali chake mwenyewe na afuate masharti yote. Wakati huo silaha ikae polisi.

Kama haikuwahi kuwa na leseni?

Usiifukie na usiitupe. Atakayeiokota anaweza kuwa mtoto au jambazi.

Umoja wa Afrika umeutenga Septemba ya kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Tanzania ilitangaza msamaha wa Septemba na Oktoba mwaka 2022, na tena mwaka 2023. Lakini usiiweke ndani miezi minane ukingoja tangazo. Zungumza na wakili, kisha nendeni polisi pamoja.

Anayetaka kumbukumbu ya mzee, abaki na picha yake, saa yake au bakora yake. Hivyo havihitaji leseni.