kadi ya michoro

kadi ya michoro *nm* [i-/zi-], wingi: kadi za michoro

Maana. Kifaa kinachochomekwa kwenye bodi mama ya kompyuta ya mezani, chenye kichakataji na kumbukumbu yake chenyewe, ambacho hukokotoa picha zinazoonekana kwenye skrini, hasa za michezo ya kompyuta. *Mfano:* Kadi ya michoro aliyoiagiza Mwanza ilifika Musoma kwa basi la jioni.

Upatanisho. Neno kuu ni *kadi*. Kivumishi kikae karibu nalo. Sema *kadi mpya ya michoro*, si *kadi ya michoro mipya*, kwani huko upya umehamia kwenye michoro. Katika umoja kosa hujificha, maana *kadi imeharibika* na *michoro imeharibika* huchukua kiambishi kilekile. Wingi hulifichua: *kadi za michoro zimeharibika*.

Maneno yanayokaribiana

*Kadi ya picha* na *kadi ya video* husikika kwa maana hiyohiyo. Katika maandishi rasmi *kadi ya michoro* inafaa zaidi, kwa kuwa mbili za kwanza humpeleka msomaji kwenye kamera na filamu.

*GPU* ni kifupisho kilichoenezwa na kampuni ya NVIDIA mwaka 1999 ilipotoa GeForce 256. Madukani hutumika kwa kadi nzima, lakini kwa usahihi ni *kichakataji michoro*, yaani kijenzi kimoja kilicho juu ya kadi. Tofauti hii ina maana: kompyuta mpakato huwa na kichakataji michoro, lakini kwa kawaida haina kadi ya kuchomoa na kubadilisha.

*Kadi ya memori* ni kitu kingine kabisa: kile kipande kidogo cha kuhifadhia picha na nyimbo kwenye simu. Hapa ndipo neno moja humgharimu mtu nauli na fedha. Mwanafunzi wa Bunda akiandika "nitumie kadi ya memori ya GB 8 ya kuchezea gemu", muuzaji akimtumia kadi ya simu hajamdhulumu, ametimiza alichoombwa. Aandike: *Nahitaji kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya GB 8.*

Maneno ya kuchagulia kadi

*Kumbukumbu.* Kiasi chake hutajwa kwa GB, lakini kiasi peke yake hakitoshi; aina nayo itajwe. GT 1030 ni mfano mzuri. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa na GB 2 za aina ya GDDR5, na mwaka uliofuata likaja toleo jingine lenye jina lilelile na GB 2 zilezile, ila za aina ya DDR4. La kwanza hupitisha data takribani GB 48 kwa sekunde, la pili takribani GB 17. Kwa hiyo mfasiri wa tangazo anayeandika "GT 1030, GB 2" na kuacha aina ya kumbukumbu ameacha jambo ambalo mnunuzi alilihitaji kuliko yote.

*Wati.* Kipimo cha umeme unaotumiwa na kadi. Tundu la PCI Express kwenye bodi mama hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi hupata nyongeza kwa kebo kutoka kwenye pawasaplai. GTX 1650 ya mwaka 2019 ni ya wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji kebo hiyo. RTX 3050 ya GB 8 ni ya wati 130, na huihitaji.

*Kimo.* Kompyuta za ofisini zinazouzwa baada ya kutumika mara nyingi huwa na kasha jembamba na pawasaplai ndogo. Kwa kasha hilo taja *kadi ya kimo kifupi*. *Mfano:* Pima kasha kabla ya kulipa, maana kadi ndefu haikatwi.

*Kadi ya kujitegemea.* Husemwa kwa kulinganisha na michoro iliyojengewa ndani ya kichakataji kikuu, ambayo huazima kumbukumbu ya kompyuta. Istilahi hii inakubalika, ila ieleweke kwamba kujitegemea huko ni kwa kumbukumbu na ukokotoaji tu; umeme bado hutegemea pawasaplai.

Tanbihi kwa wafasiri. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliipa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare jina *Mabepari wa Venisi* (1969). Angeweza kuandika *mfanyabiashara*. Alichagua *mabepari*, na neno hilo likabeba hukumu yake juu ya wahusika. Mfasiri wa fasihi ana uhuru huo. Mfasiri wa maelezo ya kifaa hana, kwa sababu msomaji wake atatoa fedha kwa kutegemea neno alilopewa. Panapokuwa na shaka, andika jina kamili la kadi, aina na kiasi cha kumbukumbu, wati na kimo, hata kama sentensi itakuwa ndefu. *Mfano:* Kadi ya michoro GT 1030, kumbukumbu GB 2 ya GDDR5, wati 30, kimo kifupi.

Angalia pia: bodi mama, hifadhi, kichakataji, kumbukumbu, wati.